UZI: Kushona pazia la kirumi kwa mkono, kuanzia kipimo hadi kamba (wadau wa Tanga na pwani yote karibuni)

SindanoNaUzi

Wakuu, habari za jioni.

Maswali kuhusu mapazia ya kirumi yamekuwa yanarudi yale yale, nikaona bora niyafungulie uzi wake. Nazungumzia yale mapazia yasiyovutwa kushoto na kulia, bali yanapanda juu yakijikunja kwa mikunjo mipana iliyolala. Watu wanaambiwa dukani ni kitu cha kuagiza, wanatoa pesa ndefu, halafu hewa ya bahari inayala: pete zinashika kutu, kutu inachora kitambaa, fito zinapinda. Mimi nashona hapa Ngamiani. Pazia hili anaweza kulishona yeyote mwenye sindano, futi kamba na subira ya kupima.

Jambo moja nalitanguliza kwa sababu mengine yote yanalifuata. Kwenye pazia la kirumi anayefanya kazi ni bitana, yaani kile kitambaa cha nyuma. Kitambaa cha mbele ni cha kutazamwa. Fito zinakaa kwenye mifuko ya bitana, pete zinashonwa kwenye bitana, kamba zinainua bitana, na kitambaa cha mbele kinafuata tu kwa sababu kimeshikizwa kwa mishono michache isiyoonekana. Anayeelewa hivyo atajua mwenyewe wapi apige cherehani na wapi ashike sindano. Mifuko ya fito piga cherehani, inataka mstari ulionyooka na wenye nguvu. Popote mshono unapofika mbele, tumia mkono. Cherehani hukivuta kitambaa kidogo kidogo, na kwenye upana wa mita moja na zaidi mvuto huo utauona kama mawimbi pindi pazia likitundikwa. Mkono unaokota nyuzi moja au mbili na kuliacha pazia litulie.

Vifaa ni hivi: kitambaa cha mbele, bitana ya pamba, fito nyembamba, ubapa mmoja wa kutia uzito chini, vipete vya plastiki, kamba nyembamba ya nailoni iliyosukwa, ubao wa juu (inchi mbili kwa moja unatosha), skrubu zenye kichwa cha pete, na velkro. Ule upande wa velkro wenye miiba unapigwa stepla kwenye ubao, ule laini unashonwa kwenye pazia. Hivyo siku ya kufua unabandua tu, huhitaji fundi wala ngazi ndefu.

Hesabu naiweka kwenye posti inayofuata. Naomba msome hesabu kabla ya kununua kitambaa.

SindanoNaUzi

Hesabu.

Siri ya mikunjo inayolala sawa ni kwamba kipande cha chini kabisa, kutoka ukingo wa chini hadi ufito wa kwanza, kinakuwa nusu ya nafasi iliyo kati ya ufito na ufito. Pazia likipanda, kila nafasi inajikunja katikati, kwa hiyo kila mkunjo unakuwa na kina sawa na kile kipande cha chini. Kwa hesabu ya haraka: fito zizidishe kwa mbili, ongeza moja, ugawe urefu wa pazia kwa jibu hilo. Fito 3 zinatoa mafungu 7. Fito 4, mafungu 9. Kipande cha chini kinachukua fungu moja, nafasi nyingine zote mafungu mawili mawili.

Tufanye mfano wa pazia lililokamilika lenye upana wa sm 120 na urefu wa sm 144. Sm 4 za juu naziacha kwa ajili ya ubao na skrubu, zinabaki 140. Kwa fito 3, 140 gawanya kwa 7 ni 20. Basi ufito wa kwanza uko sm 20 kutoka chini, wa pili sm 60, wa tatu sm 100, na juu yake zinabaki sm 44.

Kitambaa cha mbele kate upana wa 132, yaani sm 6 za kupinda kila upande, na urefu wa 160. Chini unapinda mara mbili, 5 na 5. Juu unakunja 4. Zile mbili zinazobaki ni za kunyooshea.

Bitana ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu mifuko inakula urefu. Mfuko wenye kina cha sm 2.5 unakula sm 5. Mifuko mitatu imekula 15. Kwa hiyo bitana inakatwa 144 ongeza 15, ongeza sm 6 za ziada: 165. Upana kate 120, pinda 3.5 kila upande, zibaki 113. Fito zako ziwe na urefu wa 111.

Alama unaziweka kwenye bitana ikiwa bado bapa, kabla ya kushona mfuko wowote. Kutoka kwenye mstari wa ukingo wa chini piga mistari kwenye 20 na 25. Halafu 65 na 70. Halafu 110 na 115. Kila jozi unaikutanisha, unaishona, mfuko umepatikana. Juu ya 115 pima 44, utafika 159, hapo ndipo kichwa cha pazia. Ukiweka alama kwenye 20, 60 na 100 ukadhani mifuko haina hesabu yake, nafasi za juu zitakuja fupi na mikunjo haitalingana tena.

Pete: ya pembeni ikae kama sm 10 kutoka ukingoni, na kati ya pete na pete isizidi sm 40. Kwa upana wa 120 nazipanga kwenye 10, 43, 77 na 110. Safu nne, fito tatu, pete kumi na mbili.

Kabla ya yote hayo, fua na upige pasi vitambaa vyote viwili. Pamba husinyaa, na mbele ikisinyaa tofauti na bitana baada ya kushonwa, pazia litajikunja kingo milele.

Mwana wa Chumbageni

Asante sana dada, mada nzuri na imekuja wakati wake. Kitambaa changu cha kitenge kimekatwa dukani na naona kimeenda mshazari. Unakinyoosha vipi? Na nyumba yangu ina madirisha pande zote nne, pesa ni ya mawili tu kwa sasa. Nianze na yapi?

SindanoNaUzi

Kaka, kunyoosha: chomoa uzi mmoja wa mshindio kuanzia ukingo hadi ukingo. Utaacha mstari mwembamba kama njia, kate humo humo. Kisha pima mishazari miwili ya kipande chako. Ikilingana, kipande kiko mraba. Kwa kile kitambaa cha mbele kilichokatwa 132 kwa 160, mshazari unatakiwa uje kama sm 207.4 pande zote mbili. Ukitofautiana hata sentimita moja, usianze kushona. Lowesha kidogo, vuta kwa ile pembe fupi mkiwa watu wawili, piga pasi, pima tena. Kwenye kitenge angalia pia kama chapa yenyewe imepigwa sawa na mshindio. Ikipishana kidogo, fuata chapa, kwa sababu jicho linaona maua na si nyuzi. Ikipishana sana, kifanye kitu kingine, mito hata vitambaa vya meza.

Madirisha: anza na la mashariki na la magharibi, hilo sina shaka nalo. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, jua la adhuhuri liko juu ya paa na ukingo wa paa unalizuia. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua hilo la mchana limeegemea kaskazini kidogo, miezi mingine kusini, lakini likiwa juu halikusumbui sana dirishani. La asubuhi na la jioni ndilo linaloingia chini chini mpaka kitandani, na ndilo linalofifisha rangi ya vitambaa. Bitana nyeupe inayotazama nje inarudisha sehemu ya hilo jua na kukilinda kitambaa cha mbele. Hiyo ni kazi nyingine ya bitana, na ndiyo maana mteja anayeniambia nimpunguzie bei kwa kuiondoa huwa namwomba abadilishe kitambaa cha mbele badala yake.

FundiAlumini Kange

Naongezea upande wangu wa ukutani, maana pazia zuri likifungwa vibaya linaonekana baya.

Shimo la dirisha kwenye nyumba zetu halina pembe mraba. Plasta imeongezwa hapa, imepungua pale. Kama pazia linakaa ndani ya shimo, pima upana sehemu tatu, juu, katikati na chini, uchukue kile kidogo kabisa, halafu toa sm 1 hadi 1.5 lisikwaruze ukuta. Pima urefu pia kushoto na kulia. Angalia nondo zako ziko wapi na vitasa vya dirisha vinajitokeza kiasi gani. Wengi wana fremu ya wavu wa mbu kwa ndani inayofunguka kuja chumbani, hapo pazia la ndani ya shimo halifai kabisa, utakuwa unalipandisha kila ukitaka kugusa wavu. Lifunge nje ya shimo, juu ya ukuta, ongeza sm 5 hadi 8 kila upande na kama sm 10 juu.

Juu ya dirisha kuna linta, yaani boriti ya zege. Drili ya kawaida itateleza, tumia yenye mpigo na biti ya zege, weka fisha (kile kiplastiki cha kushika skrubu ukutani), kisha skrubu za chuma cha pua. Ubao ufungwe kwa pima maji, usifuate mstari wa dari.

Na ubapa wa chini msinunue kitu kipya. Pitieni karakana yoyote ya alumini muulize vipande vilivyobaki. Ubapa wa sm 2.5 wenye unene wa mm 3 na urefu wa sm 116 una uzito wa karibu robo kilo, unalivuta pazia chini vizuri na haushiki kutu. Chonga pembe zake kwa tupa zisikate kitambaa.

SindanoNaUzi

Fundi, umesema yote. Mimi pia siku hizi fito zenyewe nachukua za alumini au zile za faiba. Za mbao laini zinanyonya unyevu wa masika na kupinda, na ufito uliopinda hauna dawa. Kama mtu ana mbao tu, achague iliyokauka vizuri, apige vanishi pande zote na kwenye ncha, maana ncha ndizo zinazonyonya zaidi.

Baharia Mstaafu

Wanangu, nimewasoma. Mimi nimeshika kamba maisha yangu yote. Swali langu: kwa nini nailoni? Mkoa huu umelishwa na mkonge tangu 1893, pale Mjerumani Hindorf alipoleta miche yake kutoka Florida, elfu moja ikaondoka na 62 ikafika hai. Sasa mjukuu wa kibarua wa mkonge anafunga pazia kwa kamba ya kutoka ng'ambo?

SindanoNaUzi

Shikamoo mzee wangu. Mkonge naupenda, na kuna mahali pake kwenye pazia hili, lakini si kwenye kuinua. Kamba hii inapita ndani ya pete ndogo na kuteleza juu ya skrubu kila siku asubuhi na jioni. Mkonge una nywele ngumu, utasugua pete na kumwaga unga dirishani. Ukipata unyevu unavimba na kufupika, ukikauka unarefuka. Sasa chukua kamba nne za urefu tofauti: ile ndefu ikifupika zaidi ya ile fupi, pazia limekwenda upande. Nailoni iliyosukwa, ya mm 1.5 hivi, inateleza na haibadiliki sana na hewa.

Mkonge naomba tuutumie kwenye mwisho wa kuvutia. Nyuzi zake zikisokotwa vizuri zinatoa kishada kizuri sana cha kushikia, na kwenye kitambaa cha rangi ya kahawia au cha kikoi unapendeza kuliko vishada vya plastiki.

Baharia Mstaafu

Marahaba binti. Nimekubali, hoja ya kufupika ni kweli kabisa, tuliijua vyomboni. Basi na mimi nitoe langu. Hapo kwenye skrubu ya upande wa kuvutia panapita kamba zote nne kwa pamoja na kugeuka kona. Msuguano wote uko pale. Kwa pazia pana weka kapi dogo, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, mahali pa ile skrubu moja, nyingine ziache zilivyo. Tofauti utaisikia mkononi. Na kamba zipite bila kusokotana kabla hazijafika kapini.

SindanoNaUzi

Nashukuru sana mzee wangu, hilo la kapi naliingiza kwenye kazi zangu.

Tukiwa kwenye kamba, nimalize urefu wake. Kila kamba inafungwa kwenye pete ya chini kabisa, inapanda kupitia pete za juu yake, inafika skrubu iliyo wima juu ya safu hiyo, kisha inakwenda pembeni kuungana na wenzake. Kwa mfano wetu, kutoka pete ya chini hadi ubaoni ni 124. Ukivutia kulia, safu ya mbali kabisa ina 110 ya kusafiri pembeni, zinazofuata 77, 43 na 10. Weka 100 ya kuning'inia. Zinatoka 334, 301, 267 na 234, jumla m 11.36. Nunua m 13, kwa sababu mafundo nayo yanakula.

Mama Wawili Mabawa

Dada samahani, nina mtoto wa mwaka mmoja na mwingine wa mitatu. Hizo kamba zinazoning'inia zinanipa hofu. Kuna namna?

SindanoNaUzi

Mama, hofu yako ni ya haki na nilipaswa kuiwekea posti yake, basi iwe hii.

Kamba za mapazia zimeua watoto wadogo katika nchi nyingi. Mtoto anaingiza shingo kwenye kitanzi, uzito wake mwenyewe unakaza, na hapigi kelele. Ndiyo maana Marekani, tangu Desemba 2018, kiwango chao kinataka mapazia yanayouzwa tayari yasiwe na kamba anazoweza kuzifikia mtoto. Ulaya wana kiwango cha EN 13120, kilichokazwa mwaka 2014.

Kwa tunaoshona nyumbani, fanya haya. Kishikio cha kuzungushia kamba kifungwe ukutani si chini ya mita moja na nusu kutoka sakafuni, na kamba yote izungushiwe humo kila pazia likipanda, isibaki inaning'inia. Kamba zisifungwe pamoja kwa fundo huku chini, maana fundo ndilo linalotengeneza kitanzi. Ziungane kwenye kile kiungio cha plastiki kinachoachia kikivutwa kwa nguvu, kama unakipata. Kama hukipati, kila kamba iishe peke yake na kishada chake chepesi. Kitanda cha mtoto na kochi visogezwe mbali na dirisha. Na angalia nyuma ya pazia pia, kamba kati ya pete na pete isilegee hata kidogo, kwa sababu mtoto anaweza kuingiza kichwa huko nyuma.

Kwa chumba wanacholala wenyewe wadogo, mimi ningeshona pazia lile lile bila kamba kabisa. Weka mikanda miwili ya kitambaa juu kwa mbele na miwili kwa nyuma, ukalikunja kwa mkono na kulifunga juu kabisa wasikofika. Asubuhi itakuchukua dakika moja zaidi. Kwa umri huo wa wanao, ningekushauri hilo.

Mama Wawili Mabawa

Nimekuelewa vizuri, nashona la kufunga kwa mikanda. Mungu akubariki.

Mgeni wa Pangani

Habari wadau. Nina doti ya kanga ya marehemu bibi, sitaki iozee sandukuni. Dirisha la sebuleni ni dogo, upana sm 125, urefu kama mita moja. Je, inafaa? Naogopa kuikata.

SindanoNaUzi

Inafaa, na dirisha lako limekaa kama limepimiwa. Kanga moja huwa karibu sm 150 kwa 110, lakini za zamani zinatofautiana, kwa hiyo pima yako. Upande mrefu ulale, ili jina, yale maandishi ya kanga, lisomeke.

Sasa sikiliza, hapa pana utamu. Kwenye kanga jina linakaa chini ya mji (ile sehemu ya katikati), juu kidogo ya pindo. Kwenye pazia la kirumi kipande cha chini ndicho pekee kinachoonekana muda wote, pazia liwe limeshuka au limepanda. Panga hesabu ili jina liingie lote ndani ya kipande hicho. Kwa urefu wa mita moja na fito mbili, mafungu ni 5, kila fungu sm 20. Kipande cha chini ni sm 20, ufito wa kwanza unakaa hapo. Pima kutoka ukingo wa chini hadi juu ya herufi. Ikiwa sm 17 au 18, umepata. Ikipita 20, ongeza kipande cha chini hadi 22 na nafasi za fito hadi 44, ziada itokee juu. Ufito usipite katikati ya maandishi, mishono ya kushikiza itayatoboa na mkunjo utayakata.

Chini usipinde sm 10 kama kwenye ule mfano, utalizika pindo lote. Pinda kidogo tu, nusu sentimita mara mbili, na ubapa wa uzito uutengenezee mfuko wake kwenye bitana. Pembeni una ziada ya sm 25 hivi. Hiyo ni kama sm 12 kila upande, na ndani yake mna pindo la wima. Ukitaka pindo lionekane, usilikunje nyuma. Lifunge pazia nje ya shimo la dirisha na uache upana wa kanga utawale. Hivyo hukati kitu, na siku ukitaka kuirudisha kuwa kanga unafumua tu.

Kanga ni nyepesi na ya miaka mingi nyuzi zake zimechoka. Weka bitana nzito kidogo, marudufu nyepesi au amerikani iliyofuliwa, na mishono ya mbele iwe mingi zaidi, kila sm 15, ili uzito ugawanyike. Uzi tumia mwembamba wa rangi ya mji. Na chagua dirisha lisilopigwa na jua la jioni.

Mgeni wa Pangani

Dada umenigusa. Nitaifunga nje ya shimo. Hiyo mishono ya mkono sasa, nifundishe kama unamfundisha asiyejua kitu.

SindanoNaUzi

Iko mitatu, yote myepesi.

Wa kwanza ni wa kushika pindo la pembeni. Unakwenda kushoto kuelekea kulia, lakini ncha ya sindano inatazama kushoto kila inapoingia. Okota uzi mmoja au mbili za kitambaa cha mbele juu ya ukingo wa pindo, shuka mshazari, okota pindo lenyewe, panda mshazari tena. Nyuzi zinapishana na kutengeneza misalaba midogo. Mshono huu unanyumbuka, haukazi, ndiyo maana pindo halitavutika.

Wa pili ni wa kuunganisha bitana na mbele. Bitana ukiisha kuikunja pembeni, ilaze juu ya kitambaa, ukingo wake ukiwa sm 3.5 ndani. Ingiza sindano kwenye mkunjo wa bitana, itembee humo ndani sm 1 au 1.5, toka, okota uzi mmoja wa pindo la mbele, rudi kwenye mkunjo. Uzi wote unasafiri ndani, nje haionekani kitu. Acha midomo ya mifuko upande mmoja wazi mpaka fito ziingie.

Wa tatu ndio unaolishikilia pazia. Kila kwenye pete, na katikati ya pete na pete, kwenye mstari wa mshono wa mfuko, toboa kutoka nyuma hadi mbele, okota nyuzi mbili tu, rudi nyuma, funga fundo. Fanya hili pazia likiwa limelala mezani au sakafuni, usiliinue wala kuligeuza. Bandika pini mstari mzima kwanza. Ukishona huku limening'inia mapajani, mbele itatangulia bitana na utapata mfuko wa hewa.

Pete zenyewe zishone kwenye ukingo wa mfuko, mizunguko mitano au sita, funga. Zile za chini kabisa zipe mara mbili, maana ndizo zilizofungwa kamba na zinabeba pazia lote. Uzi uwe wa poliyesta. Wa pamba unaoza na unyevu. Na msishawishike na gundi ya kitambaa, joto la mwezi wa pili linailainisha na bitana inashuka.

Bwana Makorora

Mimi nimeshalishona tangu mwaka jana, ila likipanda upande wa kushoto unatangulia. Nifumue yote?

SindanoNaUzi

Usifumue kitu bado kaka. Lishushe lote, legeza kamba zote, halafu zivute moja moja mpaka kila moja ikaze tu bila kuinua. Zishike pamoja hapo, weka alama, ndipo uzifunge upya. Mara nyingi linakwisha hapo. Kama bado, weka pima maji juu ya ubao. Kama ubao uko sawa, simama nyuma ya pazia uangalie pete za safu moja zimekaa wima au zimepishana. Pete iliyotoka mstarini inavuta pazia pembeni, ihamishe hiyo moja. Ukimaliza yote matatu na bado linakwenda upande, basi kitambaa kilikatwa mshazari tangu mwanzo, na hapo ndipo pa kufumua.

Bwana Makorora

Kamba mbili za kushoto zilikuwa fupi kuliko wenzake. Limenyooka. Ila mikunjo bado inafumuka, hailali.

SindanoNaUzi

Lipandishe juu kabisa, panga mikunjo kwa vidole mmoja baada ya mwingine, kisha lifunge kwa vitambaa vipana sehemu tatu, usikaze sana visiache alama. Liache hivyo siku mbili tatu. Kitambaa kitashika njia yake.

Mwana wa Chumbageni

Swali la mwisho kwangu. Usafi. Wakati wa masika mapazia yangu ya kawaida huwa yanatoa madoa meusi ya ukungu kwa nyuma.

SindanoNaUzi

Ukungu unakuja pazia likigusa ukuta wenye unyevu au likikunjwa likiwa na majimaji. Masika yakishika, lishushe lote walau mara moja kwa siku na ufungue dirisha lipate upepo, na usilipandishe hadi liwe kavu. Vumbi litoe kwa brashi laini kwa nyuma, mfuko kwa mfuko, ndiko linakojificha.

Kufua: bandua velkro, legeza kamba kwenye pete za chini, fumua mdomo wa kila mfuko na utoe fito na ubapa. Loweka kwa maji baridi na sabuni ya maji, lisisuguliwe wala kukamuliwa. Anika kivulini likiwa limelazwa kwenye kamba mbili ili lisivutike upande mmoja. Lipige pasi kwa nyuma likiwa na unyevu kidogo, ukianzia katikati kwenda kingoni, na uangalie pete za plastiki, pasi ya moto inaziyeyusha. Fito zirudi mahali zilipotoka, kwa hiyo ziandike namba kwa kalamu kabla hujazitoa, na midomo ya mifuko uishone tena kwa mkono.